Kikao cha Nani

Ukifanya kazi kiwanda cha sabuni utapata shida nyingi, lakini kunuka si mojawapo. Malimao, mawaridi, mkaratusi, vyote vinakuganda mwilini mpaka ukipanda basi watu wanageuka kukutazama. Ndiyo maana asubuhi ile, ofisa usalama aliposimama kando ya tangi la magadi akanusa kucha zinazoungua, alishtuka. Haikuwa plastiki wala waya. Ilikuwa kucha hasa, ile harufu ya mtu aliyesogeza vidole motoni akajisahau.

Akaangalia huku na huku. Mashine zote zilikuwa zimezimwa tangu jana yake, msimamizi wa zamu alipomwagikiwa usoni maji ya magadi makali yanayobabua ngozi. Hapakuwa na moto wala mtu. Kisha nyuma ya tangi, mahali ambapo hata paka angepita kwa kujibana, kitu kikasonya. Msonyo mrefu, wa dharau, wa mtu aliyechoka kungoja.

"Toka huko," alisema. "Eneo hili limefungwa."

Hakutoka mtu. Harufu ikazidi, halafu ikakatika ghafla, ukabaki unyevu wa sakafu na malimao.

Pale kiwandani walimwita Bi Kwanini, na jina hilo alilifanyia kazi. Ajali ikitokea wengine huuliza nani. Yeye aliuliza kwa nini, na ukimjibu aliuliza tena kwa nini, na tena, mpaka mtu unatamani ungeumia wewe ukalale zako hospitali upumzike. Alikuwa na maneno yake ambayo wapakiaji walimwigiza nayo wakati wa kula, wakibana pua: "Mimi sitafuti mtu, natafuta kosa. Mtu nikimfukuza, kosa linabaki limekaa palepale linamngoja mwingine." Alikuwa akiwasikia, na alikuwa akicheka nao. Kazi hiyo aliletewa habari zake na mdogo wake wa kiume, tumbo moja baba mmoja, fundi umeme wa kiwanda hichohicho.

Meneja yeye alikuwa na utaratibu wake, na wafanyakazi waliupa jina vilevile. Kikao cha Nani. Mtu akiumia, zamu nzima ilikusanywa pale kwenye uwazi katikati ya mashine, meneja akapanda juu ya kichanja cha mbao cha kuwekea magunia, akauliza, "Nani?" Basi. Hakuna kukaa, hakuna kunywa maji, hakuna kwenda nyumbani mpaka jina lipatikane. Ikichukua mchana mzima, ichukue. Miguu ikishawaka moto, na kila mmoja akishakumbuka watoto wake, jina hutokea. Si lazima liwe la kweli, ilimradi limetoka.

Mmwagaji wa magadi alipoliwa mkono na mashine ya kuchanganyia, kikao kilimtaja dereva wa foko, lile gari la kunyanyulia magunia, eti ndiye aliyemharakisha. Haukupita muda dereva akabanwa mguu na foko yake mwenyewe. Kikao kikamtaja msimamizi wa zamu, eti hakukagua breki. Sasa msimamizi naye yuko hospitali, uso umefungwa bandeji. Ukiyapanga mambo hivyo, mtoto mdogo anaona. Lakini hakuna aliyeyapanga, kwa sababu kila ajali ilikuwa imeshapata mwenyewe, na watu walikuwa wanashukuru tu kwamba si wao.

Bi Kwanini alikwenda hospitali mchana, saa ya kuona wagonjwa. Msimamizi alikuwa kitanda cha mwisho, dirishani. Jicho moja tu ndilo lililokuwa nje ya bandeji.

"Pole sana, kaka."

"Umekuja peke yako?"

"Peke yangu."

"Angalia nyuma yako."

Akaangalia. Kulikuwa na muuguzi anakunja mashuka. "Hakuna mtu."

"Sogea basi." Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto. "Siku ile nilipotajwa mimi, unakumbuka? Watu walikuwa wamechoka. Mmoja kule nyuma akasema 'msimamizi.' Sikumchukia, hata mimi ningesema. Lakini aliponitaja, nilisikia hapa, hapa sikioni, kitu kinasema 'Haya.' Kama mtu anayepokea mzigo wake."

"Kelele za mashine."

"Mashine zilikuwa zimezimwa. Na kikanuka. Kucha. Tangu hapo kikawa nami, nikikaa na watu kinasonya, nikiwa peke yangu kinatembea nyuma yangu. Dereva naye aliniambia hivyohivyo kabla foko haijambana. Nikamcheka, nikamwambia apunguze pombe." Jicho lile likajaa maji. "Bi Kwanini, kile kinangoja nafasi tu. Nilipofungua kifuniko cha tangi, pampu ilitakiwa izime yenyewe. Haikuzima."

"Kwa nini?"

Msimamizi akajaribu kucheka chini ya bandeji, ikamuuma. "Wewe nawe! Huna swali jingine?" Kisha akamshika mkono kwa nguvu. "Kesho wakikaa, wasimtaje mtu. Asiyetajwa hakimuwezi. Tafadhali. Wasimtaje mtu yeyote."

Alitoka pale akijiambia ni dawa za maumivu. Aliamini hivyo nusu ya njia, halafu akakumbuka msonyo wa asubuhi, akaacha kujiambia lolote.

Aliporudi kiwandani alikwenda moja kwa moja kwenye tangi. Karibu na bawaba ya kifuniko kulikuwa na swichi ndogo, kazi yake ni kukata umeme wa pampu kifuniko kikifunguliwa. Akapanda ngazi, akamulika kwa tochi ya simu. Swichi ilikuwa imefungwa kwa waya wa shaba, imebanwa ili iamini kwamba kifuniko kimefungwa siku zote. Waya ulizungushwa vizuri, kwa mkono usio na haraka, na ncha zake zilikuwa zimekunjwa kwa ndani zisije zikamchoma mtu.

Alimjua mtu mmoja tu anayekunja ncha za waya hivyo. Alianza kuzikunja akiwa mdogo, akitengeneza magari ya waya, kwa sababu dada yake aliwahi kuchomwa kidole akalia.

Hapo harufu ikarudi.

Ilianza chini, kwenye ngazi, ikapanda taratibu kama mtu mzito anayeweka mguu mmoja kisha anapumzika, na ngazi ya chuma aliyosimama juu yake ikatikisika kidogo kila harufu ilipozidi, mpaka akajua bila kugeuka kwamba kitu kimesimama kipandio kimoja chini yake na kimeinua kichwa. Kifuniko cha tangi kilikuwa cha chuma kinachong'aa, na ndani ya mng'ao ule alijiona uso wake, akaona bega lake, na juu ya bega akaona vidole vimeshika, virefu, vyeusi kwenye ncha, visivyo na kucha hata moja, na nyuma ya vidole palikuwa na mdomo uliosogea karibu sana na sikio lake, mdomo tu, wenye subira, uliomuuliza kwa sauti ya chini kabisa, sauti ya mtu anayejua kwamba jibu unalo:

"Nani?"

Jina la mdogo wake lilikuwa tayari mdomoni. Ndilo jambo lililomtisha kuliko vidole. Hakuwa na haja ya kulitafuta, lilikuwa limekaa juu ya ulimi, na kile kitu kilikuwa kinamtazama midomo kikingoja limtoke. Akauma ulimi mpaka akasikia ladha ya damu. Akashuka ngazi akiwa amefumba macho, akiparamia vipandio, na msonyo ukamfuata mpaka mlangoni.

Mdogo wake alikuwa karakana, anachubua nyaya. Alipomwona dada yake anavyohema akaweka kisu chini.

"Dada, vipi tena?"

Alifungua kiganja, waya wa shaba ukaonekana. Alikuwa ameung'oa bila hata kujua. Fundi akautazama, kisha akatazama mlango.

"Kwa nini?" dada akauliza.

"Pampu ilikuwa inazima kila wakifungua kuchungulia. Kazi inasimama. Meneja akasema ifungwe."

"Kwa nini hukukataa?"

"Nilikataa! Akaniambia nje ya geti kumejaa mafundi." Akashusha sauti. "Dada, wifi yako yuko karibu kujifungua. Ningekwenda wapi?"

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

Alichezea kipande cha waya.

"Kwa sababu ungeniuliza kwa nini," akasema.

Bi Kwanini akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alitaka kumpiga kofi, alitaka kumkumbatia. Mwisho hakufanya lolote, kwa sababu mdogo wake alikuwa ameinua pua.

"Nani anaunguza kitu humu ndani?"

"Usiseme neno hilo," akamnong'oneza. "Nyamaza kabisa. Nenda nyumbani, na kesho usije."

"Nisipokuja watasema nimekimbia. Watanitaja hata kama sipo."

Hilo nalo lilikuwa kweli.

Alimkuta meneja ofisini anakula karanga, miguu iko juu ya kiti cha pili. Alimweleza habari ya swichi yote, bila jina. Akamwomba kikao kisiwepo.

"Aliyefunga namjua," meneja alisema. "Nilimwona anafunga."

"Ulimwagiza."

"Una shahidi?" Akamenya karanga nyingine. "Wewe si hutaki kutaja watu? Unajidai unatafuta kosa. Sasa kosa limeingia nyumbani kwenu. Kesho utasimama wewe mwenyewe, ofisa usalama, umtaje. Usipomtaja nitamtaja mimi, na wewe nitakutoa pamoja naye."

"Meneja, nisikilize. Wote waliotajwa... Kila aliyetajwa ndiye aliyefuata kuumia. Kuna kitu humu ndani."

Meneja akamtazama, kisha akacheka mpaka karanga zikamwagika. "Jini! Ungelisema mapema. Tuandike jini, halihitaji fidia wala halina wakili." Akafuta macho. "Toka ofisini kwangu."

Siku ya pili zamu nzima ilisimama pale kwenye uwazi. Jua la mchana lilikuwa linachoma bati. Mashine zilikuwa kimya, na juu yao ilining'inia winchi, gunia la magadi limeachwa hewani vilevile tangu siku ya ajali. Fundi umeme alisimama mstari wa mbele, mikono nyuma, kama mtoto wa shule. Dada yake alimwona shati lilivyomganda mgongoni kwa jasho, akajisikia kulia.

Meneja akapanda kichanja. "Nani?"

Harufu ilikuja mara moja, na safari hii kila mtu aliipata. Wapakiaji wakaanza kuangaliana. Mwanamke mmoja wa sehemu ya kufungasha akaziba pua kwa kitambaa. Na katikati ya miguu yao, katikati ya magunia, sijui wapi, kitu kikaanza kupita polepole kikichagua.

"Ofisa usalama," meneja akasema, "tunakusikiliza."

"Swichi ya kifuniko ilifungwa," alisema. "Ilifungwa kwa sababu kazi ilikuwa inasimama. Kazi ilikuwa inasimama kwa sababu..."

"Sikuuliza kwa nini."

"...kwa sababu pampu ni mbovu, na pampu ni mbovu kwa sababu..."

Kitu kikasonya. Kilikuwa nyuma ya bega lake.

"Nani?" akauliza meneja.

"Nani?" kikauliza kile, karibu zaidi.

"Hakuna mtu. Ni sisi sote," alisema, na sauti ikamkatika, na kile kikasonya tena kwa hasira iliyofanya mnyororo wa winchi ulie juu yao, na watu wakarudi nyuma wakikanyagana, na yeye akaona kwamba sababu zake zote, kazi yake yote ya miaka, maswali yote aliyowahi kuuliza hayana maana yoyote kwa kitu hiki, kwamba hakili kosa, kinakula mtu, na kwamba meneja pale juu ya kichanja ameshachoka kungoja, ameshanyoosha kidole, kidole kimeshaanza kushuka kuelekea mstari wa mbele, na mdomo wake umeshafunguka kusema, "Basi nitasema mimi, ni fundi..."

"Ni meneja!" Bi Kwanini alipiga kelele. "Meneja! Ni yeye!"

Kidole cha meneja kikabaki hewani.

"Haya," kikasema.

Meneja aligeuza shingo haraka, akajipangusa sikio kama aliyetuliwa na nzi. Akatazama watu. Akajaribu kucheka, na kicheko hakikufika mbali. "Wewe na ndugu yako," alisema, akashuka kichanja, "mkachukue vitu vyenu." Akaanza kutembea kurudi ofisini kwake. Alipita chini ya winchi. Hakuna aliyekuwa karibu na kitufe. Mnyororo ulifyatuka ukatiririka wote kwa mkupuo mmoja, na lile gunia likashuka nao.

Watu walikimbilia geti wakipiga mayowe. Bi Kwanini hakukimbia. Alimshika mdogo wake shati kwa mikono miwili, akamshika mabega, akamshika uso, mzima, mzima wote, na tuseme ukweli, alifurahi. Hapo hapo, damu ya mtu mwingine ikielekea kwenye mfereji, moyo wake ulifurahi. Halafu akagundua kwamba kuna kitu kimesimama kando yao kimetulia, hakisonyi tena, kinamtazama yeye kwa namna ya kuridhika, na furaha ikamtoka mwilini yote.

Walikuja wakaguzi kutoka nje. Walikuta mnyororo umelika, wakasema umelika, na ilikuwa kweli. Akaja meneja mwingine, mwanamke mpole aliyeogopa kila kitu, naye akampa Bi Kwanini ruhusa ya kufanya alichokuwa akikililia siku zote. Pampu ikabadilishwa. Swichi zikafunguliwa nyaya. Vikao vile vikapigwa marufuku. Miezi ikapita bila mtu hata kukwaruzwa, na kiwanda kikawa kinanukia malimao na mawaridi tu kila kona. Wafanyakazi walisema meneja ameondoka na jini lake. Msimamizi alirudi kazini na uso wenye makovu, akamkumbatia. Mke wa fundi alijifungua mtoto wa kike, shangazi akambeba mpaka mikono ikafa ganzi.

Hata yeye alianza kulala.

Jumamosi moja, saa za mchana, alikuwa jikoni kwake anachambua mchele. Mama mkwe alikuwa amekuja kuwatembelea, anasinzia sebuleni. Watoto wake, binti mkubwa na mdogo wake wa kiume ambaye hata shule hajaanza, walikuwa wanacheza wanakokatazwa kucheza, karibu na kabati la vyombo. Kikasikika kishindo cha kioo, kisha kimya cha watoto wenye hatia.

Mama mkwe akaamka. "Bakuli langu! Bakuli nililowaletea mimi mwenyewe!"

Bi Kwanini akatabasamu, akachukua ufagio. Ndipo akaipata harufu. Ilikuwa inapita mlango wa jikoni, imempita yeye karibu kiasi cha kumgusa mkono, inaelekea sebuleni bila haraka, kama mtu anayejua nyumba.

"Nani kavunja?" mama mkwe akauliza.

Ufagio ukamdondoka. Kutoka jikoni mpaka sebuleni ni hatua chache, lakini siku hiyo korido ilirefuka, kandambili moja ikabaki nyuma, bega likagonga ukuta, na alikuwa anasikia kila kitu, alimsikia mama mkwe anarudia, "Nasema nani!", alisikia msonyo ukitoka chini kabisa, kwenye kimo cha watoto, na alipotokea mlangoni alimwona binti yake ameshanyoosha kidole kumwelekea mdogo wake, na mdomo wa mtoto umeshafunguka.

"Mimi!"

Wote wakageuka.

"Nimevunja mimi, mama," alisema akihema.

"Wewe? Wewe si ulikuwa jikoni?"

"Ni mimi, mama. Nimesema ni mimi. Msimtaje mtu mwingine."

Mama mkwe akamtazama kutoka juu mpaka kwenye ule mguu usio na kandambili, akatikisa kichwa. "Haya," akasema, akajiegemeza tena kwenye kochi. "Zoa basi, wasije wakajikata."

"Haya," ikasema sauti nyingine, sikioni mwake.

Mtoto wa kiume alianza kulia, akanyoosha mikono abebwe. Bi Kwanini alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Usinisogelee, baba," alimwambia taratibu. "Nenda kwa bibi. Nendeni wote kwa bibi, mkae naye hukohuko."